Gari Halina Chenji

Na mwanafunzi wa Kidato cha 3

Wahenga walinena kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Methali hii nimeiandika katika insha mara nyingi, na mara nyingine nikapewa alama nzuri kwa ajili yake. Hata hivyo, maana yake kamili niliipata Jumapili moja ya likizo ya Aprili, nikiwa nimelala chali chini ya gari kuukuu, uso umejaa oili na moyo umejaa haya. Msomaji mpendwa, keti nikusimulie.

Mimi ni mwanafunzi wa kutwa hapa Nakuru. Kila Jumamosi, na siku zote za likizo, humsaidia mjomba wangu ambaye ni fundi wa magari. Gereji yake si ya kujivunia. Ni mabati machache, mjakaranda mmoja wa kivuli, na ardhi iliyogeuka nyeusi kwa oili ya miaka mingi. Mjomba hanilipi mshahara. Badala yake hulipa nusu ya karo yangu, na nusu ya pili mama huitafuta kwa kuuza sukumawiki na nyanya sokoni. Kwa hivyo nikienda gerejini siendi kucheza.

Mjomba ana sheria moja ambayo huirudia kila siku kama sala: "Gari haina chenji." Maana yake ni kwamba ukimaliza kulifunga gari, kisha ukaona nati au boliti imebaki juu ya gunia, usifurahi kama mtu aliyerudishiwa shilingi mbili dukani. Kilichobaki kina kwao, na kwao kinangojwa. Vijana wawili waliofanya kazi pale kabla yangu waliondoka kwa ajili ya chenji. Mmoja wao alibaki na boliti mkononi, akaitupa juu ya paa la jirani ili isionekane. Mjomba alipogundua, alimwambia avue ovaroli siku hiyo hiyo.

Sasa nije kwenye gari lenyewe. Lilikuwa Volkswagen ya mwaka wa 1971, ile yenye mgongo wa mviringo, ambayo sisi vijana wa gereji tuliipa jina la Kobe. Mwenyewe ni mzee mmoja aliyefundisha Kiswahili miaka mingi kabla ya kustaafu, na sote humwita Mwalimu. Akija gerejini hasahihishi gari tu, husahihisha na watu. Mjomba akisema, "Mwalimu, gari imekataa kushika," yeye hujibu, "Gari limekataa." Mjomba akisema, "Basi limekataa, lakini spea zake ni bei," yeye huuliza, "Hiyo spea iko katika kamusi gani?" Hapo sote hucheka, na Mjomba hucheka kuliko wote.

Magari ya aina hii yana historia ndefu hapa kwetu. Mashindano ya Safari yalipoanza mwaka wa 1953, yakipitia Kenya, Uganda na Tanganyika, Volkswagen ilikuwa miongoni mwa magari yaliyoyakabili matope na vumbi. Ilitwaa ushindi mwaka wa 1954, ikarudia 1957, kisha 1962. Vijana wa siku hizi huyajua mashindano hayo kwa sababu ya Naivasha, yaliporudi katika orodha ya ubingwa wa dunia mwaka wa 2021, na hawaamini kwamba kigari kama Kobe kiliwahi kushinda. Lakini kiwanda cha mwisho cha gari hilo, kule Puebla nchini Meksiko, kilifunga kazi hiyo mwaka wa 2003 baada ya magari zaidi ya milioni 21 kutengenezwa duniani. Hicho si kigari cha kudharauliwa.

Injini yake iko nyuma, mahali ambapo magari mengine huweka mizigo. Haina rejeta wala maji; hupozwa kwa upepo unaosukumwa na feni. Tena imeshikwa na boliti nne tu. Fundi anayeijua huinua gari kwa jeki, akaifungua, akaishusha chini kama mtu anayeteremsha mtungi kutoka kichwani.

Wiki ile Kobe aliletwa kwa sababu klachi ilikuwa ikiteleza. Ukikanyaga mafuta, injini ilipiga kelele lakini gari lilijikokota. Mjomba alitazama chini, akaona oili ikidondoka mahali injini inapokutana na giaboksi. Akasema sili ya nyuma ya krenki imekufa, nayo oili imelowesha klachi. Basi Ijumaa tukaishusha injini. Mjomba akafungua klachi, kisha akafungua nati moja kubwa ya 36 inayoshika flaiwili. Nati hiyo ni kali. Ilibidi aiongezee spana bomba refu, nami nikaikalia injini kuizuia isisogee. Flaiwili ilipotoka, akaing'oa sili iliyochakaa, na nyuma yake akatoa pete nyembamba za chuma. Alinipa zote nikazioshe kwa mafuta taa ndani ya karai, pamoja na vitu vingine vidogo.

Jumamosi tulikuwa na haraka. Mwalimu na mkewe walikuwa wanatimiza miaka 40 ya ndoa, na Jumapili saa tano walitarajiwa kanisani kule Njoro, mwendo wa kilomita kama 20 kutoka mjini. Gari lililowapeleka kufunga ndoa yao ndilo hilo hilo Kobe. Mwalimu alituambia, "Mkinipa gari Jumamosi jioni, Mama atanisamehe makosa ya miaka yote arobaini."

Wakati wa kurudisha vitu, Mjomba alikuwa amechuchumaa mbele ya injini, simu imebanwa kati ya sikio na bega, akizungumza na mteja mwingine. Alininyoshea mkono bila kugeuka.

"Leta zile washa. Ziko zote?"

"Zote," nikajibu.

Sikuhesabu. Nilitia mkono karaini, nikashika zilizokuja, nikampa. Naye akaziweka, akapiga sili mpya, flaiwili ikarudi, nati ikakazwa hadi bomba likapinda kidogo. Kufikia saa kumi na moja injini ilikuwa mahali pake. Ilipowashwa, ilinguruma ule mngurumo wa Kobe usiofanana na wa gari lingine. Mjomba alitabasamu, akanawa mikono, akaenda mkutanoni kwa chama chake. Akaniachia kufagia na kufunga.

Nilimwaga mafuta machafu, nikaligeuza karai ili nilipanguse. Hapo ndipo nilipokiona. Chini ya karai, upande wa nje, kipete chembamba cha chuma kilikuwa kimejibandika kwa oili kama stempu juu ya bahasha. Nilikibandua kwa ukucha. Kilikuwa chepesi, upana wake wa kuweza kuvishwa kwenye kifundo cha mkono wa mtoto, na unene wake hata ukucha wangu uliushinda.

Mwili ulinisisimka. Nilitafuta njia ya kujitetea mbele ya mahakama isiyokuwa na watu. Nikasema pengine ni cha ile pikipiki ya bodaboda tuliyoifungua gurudumu asubuhi. Nikaenda kulinganisha, tundu la kipete lilikuwa kubwa mno kwa ekseli ya pikipiki. Nikasema labda ni cha Toyota iliyosimama pembeni mwezi mzima. Lakini Toyota ile haikuwa imefunguliwa kitu ila taa. Nikasema basi ni takataka tu, kitu kilichoachwa na fundi wa zamani. Nikakitupa kwenye pipa. Nikafunga mlango, nikatembea hatua kama ishirini, nikarudi nikakitoa, nikakitia mfukoni.

Ungeniuliza kwa nini sikumpigia Mjomba simu saa ile ile, ningekujibu kwa neno moja: karo. Muhula wa pili ulikuwa unakaribia. Nilimwona yule kijana aliyevuliwa ovaroli, nikajiona mimi. Nilimwona mama na kikapu chake cha nyanya. Nikajiambia, gari si limewaka? Si limenguruma vizuri? Kitu chembamba hivi kitaizuia nini injini nzima?

Usiku ule sikulala. Niliwasha taa, nikakitazama kipete. Mwalimu wetu wa Fizikia alitufundisha kupima vitu vidogo kwa kipimo cha mikromita, na wengine tulinung'unika kwamba hakuna mtu atakayetuuliza mtaani unene wa waya. Sasa nilitamani kipimo kile. Nilichukua karatasi za daftari, nikaziweka moja moja kando ya kipete nikigusa kwa kidole. Ilipofika ya tatu, vikawa karibu sawa. Karatasi tatu tu! Nikajaribu kulala tena. Nikafumba macho, nikamwona Mwalimu na mkewe wamesimama barabarani katikati ya mashamba ya Njoro, na suti na kitambaa kipya.

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi nilikuwa mlangoni kwa Mjomba. Alikuwa anakunywa chai. Sikumsalimu hata vizuri. Nilikiweka kipete juu ya meza, kando ya mkate.

"Hii umetoa wapi?" akauliza.

"Chini ya karai, Mjomba."

"Lini?"

Hapo ulimi ulinigandama. Ningeweza kusema "asubuhi hii". Hakuna aliyeniona. Nikameza mate.

"Jana jioni. Na ulipouliza kama ziko zote, sikuhesabu."

Mjomba alikichukua, akakipeleka dirishani penye mwanga. Alinyamaza kimya kama maji mtungini. Kisha akavaa viatu bila kumaliza chai yake.

Gerejini alifungua mlango wa nyuma wa Kobe, akaishika puli ya injini kwa mikono miwili, ile inayozungusha mkanda wa feni. Akaivuta kwake, akaisukuma. Ka! Akaivuta tena. Ka! Sauti ilikuwa ndogo, kama ya mtu anayebisha hodi kwa ufunguo.

"Njoo ushike wewe," akaniambia.

Nilishika. Niliusikia ule mchezo kwa vidole vyangu mwenyewe. Ndipo Mjomba akanieleza, pale pale, bila kunipandishia sauti. Krenki ni ule mhimili unaozunguka ndani ya injini. Kazi yake ni kuzunguka, si kwenda mbele na kurudi nyuma. Inaruhusiwa kucheza kidogo tu, kati ya milimita 0.07 na 0.13 kwa injini hii, yaani kama unene wa karatasi moja ya daftari. Anayeilinda isizidi hapo ni zile pete tatu zinazokaa nyuma ya flaiwili. Tatu, si mbili. Ukiacha moja nje, krenki hupata nafasi. Kila dereva akikanyaga klachi, inasukumwa, akiachilia, inarudi. Inaigonga beringi yake, inaila, na ikishamaliza beringi inaanza kuila nyumba ya injini yenyewe. Nayo nyumba ya injini haipigwi kiraka kama ndoo.

"Ingefika Njoro?" nikauliza.

"Ingefika," akasema. "Hiyo ndiyo mbaya yake. Ingefika, ingerudi, ingeenda hata Nairobi. Halafu siku moja ingekufa, na hakuna mtu angejua ni mimi niliiua."

Alisema "mimi". Nilidhani amekosea.

Mwalimu alifika saa mbili, amevaa suti ya kijivu na ua kifuani. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Nilimwamkia kwa sauti ya chini, "Shikamoo Mwalimu," naye akaitikia, "Marahaba mwanangu," akitabasamu. Nikasogea mbele ili nikiri, lakini Mjomba alinitangulia.

"Mwalimu, gari haiendi leo asubuhi. Tulikosea. Kuna pete moja sikuiweka."

"Lakini jana uliniambia linawaka."

"Linawaka. Lakini linajila lenyewe ndani."

Mwalimu alitazama saa yake. "Njoro ni hapo tu. Siwezi kulipeleka polepole, kisha nikakurudishia kesho? Mama amejiandaa, bwana. Amesuka nywele kwa ajili ya gari hili."

Msomaji, hapo ndipo ningeanguka mimi. Mteja mwenyewe amekuomba umwachie, pesa atalipa, na kosa halionekani. Mjomba alikuna kichwa, akasema, "Ufunguo ni wako, Mwalimu, siwezi kukunyima. Lakini nakuomba usiende nayo. Na pesa ya kazi hii sitachukua. Sili mpya nitanunua mimi, kwa sababu ile ya jana nikiitoa itaharibika. Mkono uliofunga ni wangu."

"Ni mimi niliyempa mbili," nikaropoka. "Sikuhesabu, na nilipoiona nikaificha usiku kucha."

Mwalimu alinitazama kwa muda, halafu akamtazama Mjomba. Mjomba akasema, "Yeye ni mtoto anaosha vyuma. Mimi nimefungua injini hizi tangu kabla hajazaliwa, najua ni tatu. Na kila mara huwa napima puli kabla sijafunga mlango. Jana sikupima, nilikuwa na haraka ya chama."

Mwalimu akavuta pumzi, akaita mkewe kwa simu, akamwambia wapande matatu. Kutoka pale niliposimama niliisikia sauti ya mama yule ikitoka kwenye simu, ingawa maneno sikuyashika. Nadhani ni heri sikuyashika.

Alipoondoka tulianza kazi. Mjomba alimpigia simu mwenye duka la spea aliyekuwa anajiandaa kwenda kanisani, akamsihi afungue duka kwa dakika tano. Tuliishusha injini tena. Klachi ikatoka, bomba likarudi kwenye nati ya 36, flaiwili ikatoka, sili ya siku moja ikang'olewa ikiwa bado inang'aa. Na kweli, nyuma yake tulikuta pete mbili. Zilikuwa zimeshikana kwa oili, na mtu asiyehesabu angedhani ni moja, au tatu, au zozote atakazo.

Mjomba alinipa zote tatu. "Hesabu."

"Moja. Mbili. Tatu."

"Hesabu tena."

Nilihesabu mara tatu kwa sauti, na kijana wa bodaboda aliyekuwa akipita akadhani tunacheza. Kisha Mjomba akaniachia niziweke kwa mikono yangu. Tulipomaliza kufunga, kabla injini hairudi ndani, aliniambia niishike puli, nivute na nisukume. Nilivuta. Kimya. Nikasukuma. Kimya. Sijawahi kufurahia kimya kama kile.

Saa tisa kasoro Kobe aliingia Njoro, Mjomba kwenye usukani nami kando yake. Ibada ilikuwa imekwisha na watu walikuwa wakila chini ya turubali. Mwalimu alitoka mbio, ua limenyauka kifuani. Mkewe alikuja nyuma yake polepole, akasimama mbele yangu, mkono kiunoni.

"Ni wewe uliyechelewesha harusi yangu?"

"Ni mimi, Mama. Naomba radhi."

"Nimekwenda kwa matatu, nimekaa karibu na mtu mwenye kuku wawili." Alinikazia macho kitambo, kisha midomo ikamponyoka, akacheka. "Haya, nendeni mle pilau. Kurudi nitarudi na gari langu."

Tukiwa tunakula, Mwalimu alikuja kukaa nasi. Alijaribu kumlipa Mjomba, Mjomba akakataa. Basi akaupiga bega mkono wake, akasema kwa sauti ya kutafakari, "Kweli, fundi. Gari haina chenji." Nilimtazama nikingoja ajisahihishe. Hakujisahihisha.

Tulirudi Nakuru kwa matatu, Mjomba na mimi. Njiani nilimuuliza jambo lililokuwa likinikera tangu asubuhi: mbona yule kijana wa boliti alimfukuza, na mimi hajanifukuza? Alitazama nje dirishani muda mrefu.

"Yule nilimkuta," akasema. "Wewe ulikuja."

Halafu akaongeza, "Lakini ulikuja umechelewa usiku mmoja. Huo usiku utanilipa." Na kweli nimeulipa. Kuanzia siku ile, kabla ya kitu chochote kuingia karaini, mimi hukihesabu na kukiandika kwa chaki ukutani, na wakati wa kufunga nafuta kimoja kimoja. Jioni ukuta ukiwa mtupu, ndipo tunafunga.

Ndugu zangu wanachama, wengi wetu tunaosoma shule za kutwa tuna kazi nyingine baada ya kengele, ama dukani, ama shambani, ama kwa fundi kama mimi. Huko nako kuna mitihani, tofauti ni kwamba hakuna msimamizi anayezunguka kati ya madawati. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ufa wangu ulikuwa mwembamba kama karatasi tatu.

Kile kipete sinacho cha kuwaonyesha. Kimo ndani ya injini, nyuma ya flaiwili, pamoja na wenzake wawili. Lakini asubuhi nyingine nikiwa natembea kuja shuleni, Kobe hunipita akinguruma barabarani, Mwalimu akanipigia honi, nami najua kiko wapi.